Al-Khwarizmi: Mwanazuoni wa mirathi aliyeifungulia njia akili mnemba

Mirathi inapogawanywa kwa sharia katika pwani ya Palma na Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Cabo Delgado, hesabu yake ni ile iliyomshughulisha Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi mjini Baghdad takriban miaka 1,200 iliyopita. Hesabu hiyo pia ni mlango wa kuingilia utafiti wa akili mnemba.

Al-Khwarizmi alizaliwa mnamo mwaka 780. Jina lake lamnasibisha na Khwarazm, nchi iliyo kusini mwa Bahari ya Aral. Alifanya kazi Baghdad, katika Nyumba ya Hekima, enzi ya khalifa al-Ma'mun aliyetawala kuanzia 813 hadi 833.

Kitabu chake cha al-jabr kilifunza namna ya kukitafuta kisichojulikana, alichokiita kitu, kwa kusawazisha pande mbili za mlinganyo. Hakutumia alama; yote aliyaeleza kwa maneno. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Mathalani, mtu akifariki akaacha mke, mwana mmoja na binti mmoja, mke hupata thumni, na katika kinachobaki mwana hupata maradufu ya dada yake. Mali ikigawanywa mafungu 24, mke atapata 3, mwana 14 na binti 7.

Kitabu chake kingine kilieleza tarakimu za Kihindi, pamoja na sifuri. Kilipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, jina lake liliandikwa Algoritmi. Ndiyo asili ya neno algorithimu, yaani mfuatano wa hatua ambazo kompyuta huzifuata. Yeye mwenyewe alifariki mnamo 850.

Leo, anayetaka kutafiti akili mnemba huanza na aljebra ya vekta na matriki, kwa kuwa mashine hugeuza maneno na picha kuwa safu za namba. Hufuatisha kalkulasi, inayoonyesha jinsi ya kupunguza makosa ya mashine hatua kwa hatua. Kisha husoma takwimu na hisabati ya uwezekano, kwani jibu la mashine ni makadirio.

Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vimefunga shule nyingi na kuwatawanya wanafunzi. Hata hivyo, kijana aliyefunzwa chuoni kukokotoa thumni, sudusi na theluthi tayari amekanyaga ngazi ya kwanza ya elimu hiyo. Kinachosubiriwa ni darasa la kumpandisha ya pili.