Mfalme Aliyeshinda Vita Akashindwa na Nyumba Yake

Ninyi mlio katika majeshi ya ulinzi na polisi mnaijua vema thamani ya sikukuu ya nyumbani, kwa maana mara nyingi mnaipitisha lindoni huku wenzenu wakila na kunywa pamoja na jamaa zao. Hata hivyo, si kila jamaa ikutanapo huwa furaha. Mwaka 1968 ilitolewa filamu iitwayo The Lion in Winter, iliyoongozwa na Anthony Harvey kutokana na mchezo wa kuigiza uliotungwa na James Goldman. Humo tunamwona mfalme aliyeanza kuzeeka, mkewe aliyetolewa kifungoni kwa siku chache, na wana wao watatu, wamekutana kwa Krismasi ya mwaka 1183 katika ngome ya Chinon, Ufaransa. Badala ya kupeana heri, wanategeana mitego. Mtazamaji hucheka, kisha hujiuliza anacheka nini. Peter O'Toole aliigiza mfalme, na Katharine Hepburn, aliyeigiza malkia, alipata tuzo ya Oscar.

Mkutano ule wa Chinon ulibuniwa na mtunzi. Lakini mfalme mwenyewe, Henry wa Pili wa Uingereza, aliishi kweli, na ugomvi wa nyumba yake ulimwaga damu ya askari wengi ambao hawakuwa na sehemu katika urithi ule. Leo tunawaletea maisha yake.

Henry alizaliwa katika mji wa Le Mans tarehe 5 Machi 1133. Baba yake, Geoffrey, alikuwa mtawala wa Anjou, nchi ambayo leo imo katika Ufaransa. Mama yake, Matilda, alikuwa binti wa Mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza. Mfalme huyo alipofariki mwaka 1135, kiti chake kilinyakuliwa na mpwa wake Stephen, na Uingereza ikatumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu karibu miaka ishirini. Henry alikulia katika vita hivyo. Mwaka 1152 alimwoa Eleanor, mrithi wa nchi kubwa ya Aquitaine, wiki nane tu baada ya bibi huyo kuachana na Mfalme Louis wa Saba wa Ufaransa. Eleanor alimzidi umri kwa miaka ipatayo kumi, wala hakuwa mwanamke wa kuamuliwa mambo. Mwaka uliofuata Stephen alikubali Henry awe mrithi wake, na tarehe 19 Desemba 1154 kijana huyo akatawazwa akiwa na umri wa miaka 21. Milki yake ilitoka mpaka wa Scotland hadi kuifikia milima ya Pyrenees.

Mtu huyu hakujua kuketi. Alikuwa juu ya farasi siku nyingi za mwaka, akizunguka milki yake kwa mwendo uliowashangaza adui zake. Alizibomoa ngome zilizojengwa bila kibali wakati wa vita. Mwaka 1166 alitoa amri huko Clarendon kwamba katika kila tarafa watu kumi na wawili waaminifu wale kiapo na kuwataja wote walioshukiwa kwa uuaji, unyang'anyi na wizi, ili mahakimu wa mfalme wawahukumu. Mwaka 1181 aliagiza kila mtu huru awe na silaha kulingana na mali yake. Tajiri alitakiwa awe na vazi la chuma, kofia ya chuma, ngao na mkuki. Mnyonge alitakiwa awe na koti nene la vita, kofia ya chuma na mkuki. Ilikuwa marufuku kuziuza silaha hizo au kuziweka rehani. Askari wetu watakubali kwamba sheria hiyo haijazeeka.

Basi, mtu aliyeweza kuipanga nchi namna hiyo alishindwaje kuipanga nyumba yake? Eleanor alimzalia wana watano na mabinti watatu. Mwana wa kwanza alifariki akiwa mtoto. Waliobaki ni Henry, ambaye tutamwita Henry Kijana, kisha Richard, Geoffrey na John. Mwezi Juni 1170 mfalme alimtawaza Henry Kijana, mwenye umri wa miaka 15, awe mfalme pamoja naye. Kusudi lake lilikuwa jema: hakutaka vita vya kugombea kiti virudi tena. Lakini alimpa mwanawe taji asimpe kazi. Kijana hakuwa na nchi ya kutawala wala hazina yake mwenyewe. Alikuwa mfalme wa jina tu.

Taji hilo lilileta msiba mapema. Haki ya kuwatawaza wafalme ilikuwa ya Askofu Mkuu wa Canterbury, Thomas Becket, aliyekuwa uhamishoni kwa sababu ya ugomvi wake na mfalme. Kazi hiyo ikafanywa na Askofu Mkuu wa York. Becket aliporudi aliwaadhibu maaskofu walioshiriki. Habari zilimfikia mfalme huko Normandy wakati wa Krismasi, naye akafoka mbele ya watu wake kwa maneno ya hasira. Mashujaa wanne waliosikia hawakungoja amri. Walivuka bahari, na tarehe 29 Desemba 1170 wakamuua Becket ndani ya kanisa lake. Henry alibeba lawama hiyo mpaka kaburini. Mkubwa apimaye maneno yake mbele ya wenye silaha, na mdogo atofautishaye hasira na amri, wote wawili huiokoa nchi na aibu.

Mwaka 1173 Henry alimpangia ndoa John, aliyekuwa bado mtoto mdogo, akamwahidi ngome tatu, Chinon ikiwa mojawapo. Ngome hizo zilikuwa katika nchi aliyokwisha kuahidiwa Henry Kijana, ambaye hakuulizwa. Kijana alitoroka usiku kutoka Chinon akakimbilia kwa mfalme wa Ufaransa. Richard, mwenye umri wa miaka 15, na Geoffrey, mwenye miaka 14, wakamfuata. Mama yao Eleanor aliwaunga mkono, akakamatwa njiani akiwa amevaa mavazi ya kiume. Mfalme wa Scotland naye aliingia vitani upande wa waasi.

Henry aliwashinda wote. Alitumia askari wa kukodiwa na mwendo wake wa kasi. Mwezi Julai 1174 alikwenda Canterbury kutubu mbele ya kaburi la Becket, akachapwa fimbo na watawa na kukesha hapo usiku kucha. Asubuhi ile ile mfalme wa Scotland alitekwa huko Alnwick. Wana walisamehewa. Eleanor hakusamehewa, alifungwa kwa muda upatao miaka 15. Lakini ushindi ule haukuponya kitu, kwa sababu chanzo cha uasi hakikuguswa. Wana walirudishiwa vyeo vyao, na mamlaka yakabaki mikononi mwa baba.

Krismasi ya kweli inayokaribia ile ya filamu ni ya mwaka 1182, katika mji wa Caen. Henry alikusanya jamaa zake kwa fahari kubwa. Henry Kijana, Richard na Geoffrey walikuwapo, na binti yake Matilda pamoja na mumewe waliokuwa uhamishoni. Sikukuu haikupita vizuri. Henry Kijana alilalamika kwamba Richard amejenga ngome katika nchi isiyo yake. Mfalme alipotaka wadogo wamwapie mkubwa wao utii, mambo yakaharibika zaidi. Kabla ya majira ya baridi kwisha, ndugu walikuwa wakipigana. Tarehe 11 Juni 1183 Henry Kijana alifariki kwa kuhara damu huko Martel, akiwa na umri wa miaka 28. Alimwomba baba yake aje. Mfalme, akihofia mtego, alimpelekea pete ya msamaha.

Hata msiba huo haukumfundisha. Geoffrey alifariki Paris mwaka 1186, akabaki Richard kuwa mkubwa. Lakini baba yake alikataa kumtangaza waziwazi kuwa mrithi. Mwezi Novemba 1188 Richard alimpigia magoti mfalme mpya wa Ufaransa, Philip, mbele ya macho ya baba yake. Mwezi Juni 1189 wawili hao walimfukuza Henry kutoka Le Mans, mji aliozaliwa. Shujaa mmoja, William Marshal, alilinda nyuma ya mfalme wake aliyekuwa mgonjwa. Alipokutana na Richard asiye na vazi la chuma, angeweza kumuua. Alimuua farasi wake, na mbio zile zikakoma.

Mapema Julai Henry alikubali masharti yote. Aliomba orodha ya waliomsaliti, na jina la kwanza likawa la John, mwana aliyempenda kuliko wote. Alifariki Chinon tarehe 6 Julai 1189. Aliyekuwa naye hadi mwisho ni Geoffrey, mwana aliyemzaa nje ya ndoa, ambaye hakuwa na taji la kutegemea.

Richard alipotawala alimwachia huru mama yake. William Marshal alitazamia adhabu. Richard alimsamehe, akampa mke tajiri na heshima kubwa, kwa kuwa alijua kwamba aliyemtumikia baba kwa uaminifu atamtumikia na mwana.

Sisi tunaona kwamba Henry hakuangushwa na ukosefu wa nguvu, wala wa akili. Aliangushwa na mkono uliotoa vyeo bila kuachia kazi. Ampaye mwanawe au afisa wake cheo bila wajibu hajampa heshima, amempa manung'uniko. Nayo manung'uniko ya wakubwa hayaishi mezani pa sikukuu. Mwisho wake huwaangukia askari wa kawaida, walio mbali na meza hiyo.