Rebmann na Milima ya Taita

Jina la Johannes Rebmann hutajwa kila pahali panapozungumzwa habari za theluji ya Kilimanjaro. Lakini kabla ya kuifikia theluji hiyo, Mjerumani huyu alipita Taita, na Taita ndiyo iliyomwonyesha mapema jambo lililowashinda wakubwa wa elimu huko Ulaya: ya kwamba chini ya jua moja hili la kwetu, kupanda juu ni kuingia nchi nyingine.

Rebmann alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, tarehe 16 Januari 1820. Alifika Mombasa mwaka wa 1846, akaungana na mwenziwe Krapf, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amepewa barua ya Sayyid Said. Wawili hao wakakaa Rabai. Walikuja kuhubiri dini yao, na katika kazi hiyo walipata wafuasi wachache mno.

Mwaka wa 1847 Rebmann alifika Kasigau, na Aprili 1848 akaondoka tena kuelekea Uchaga. Kirangozi wake alikuwa Bwana Kheri wa Mombasa, mtu aliyezijua njia za bara kabla ya Mzungu yeyote kuzichora. Rebmann mwenyewe hakuchukua bunduki, bali mwavuli.

Wapate kufika Taita, ilibidi wavuke nyika: migunga, miiba, mibuyu, na maji ya kutafuta kwa shida. Huko ni makao ya ndovu, kifaru na twiga, na sehemu kubwa yake ikawa mbuga ya Tsavo mwaka wa 1948, miaka 100 baada ya safari ile. Walipopanda Bura, mambo yaligeuka. Hewa ikawa ya baridi, vijito vikawa vinateremka, mashamba yamestawi. Rebmann akajiona kama yuko katika milima ya kwao.

Sababu yake ni hii. Upepo utokao Bahari ya Hindi hupita juu ya nyika bila kuacha mvua nyingi. Ukigonga milima ya Taita, ambayo kilele chake Vuria chafikia mita 2,208, hupanda, hupoa, ukawa ukungu na mvua. Ndipo ikaota misitu mikubwa, nayo ikatengwa na misitu mingine na nyika kavu pande zote, mfano wa kisiwa baharini. Viumbe vya humo vikawa vya peke yake. Kuna ndege wasioonekana pahali pengine duniani. Kuna ua dogo la zambarau la msitu wa Mbololo. Na kuna kiumbe aishiye udongoni, ambaye ukimwona utasema ni nyungunyungu, kumbe ni wa jamaa ya vyura.

Tarehe 11 Mei 1848, walipokuwa wameiacha Taita nyuma, Rebmann aliona weupe juu ya mlima. Kirangozi aliuita baridi tu. Rebmann akafahamu kuwa ni theluji. Habari zilipochapishwa mwaka wa 1849, Cooley, bingwa wa jiografia wa London ambaye hakupata kukanyaga Afrika, alizikataa kabisa. Alimfanya Rebmann kama mtu aliyeota. Hata Von der Decken alipoupanda mlima mwaka wa 1862, theluji ikamwangukia mwilini, Cooley hakusadiki.

Rebmann hakurudi kwao kujitetea. Alikaa pwani miaka 29, akikusanya maneno ya lugha za watu, hata macho yakapofuka. Mwaka wa 1875 alirejeshwa Ujerumani kwa kushikwa mkono, akafa Korntal tarehe 4 Oktoba 1876.

Theluji aliyotukaniwa sasa inapungua mwaka hata mwaka. Na misitu ya Taita imebaki vipande vipande: Ngangao, Chawia, Mbololo, Ronge na vinginevyo vidogo. Pengine imepandwa misonobari na mikaratusi ya kigeni, ambayo ndege wa asili hawaizoei. Baadhi ya vichaka vya kale viliponea kwa kuwa Wataita waliviheshimu kuwa fighi, mahali pa miko, pasipokatwa mti.

Hasara yake haiwi ya ndege peke yao. Mto Voi huanzia katika milima hiyo, nao huteremka mpaka kwenye nyika ile ile aliyoivuka Bwana Kheri. Msitu wa juu ukiisha, wa kwanza kupata habari ni yule wa chini mwenye ndoo tupu.