Fred Merkle: Dogo wa Miaka 19 Aliyeitwa Mjinga kwa Kufanya Kile Kila Mtu Alikuwa Anafanya

Kama unafuata mpira, unajua vile VAR hutesa. Timu yako imefunga dakika ya 90, umeruka, umekumbatia msee hata humjui, halafu refa anaweka kidole kwa sikio. Goli limekataliwa. Inauma, lakini wiki ijayo watu wamesonga.

Fred Merkle hakupata hiyo wiki ijayo. Uamuzi wa refa ulimshika akiwa na miaka 19 na ukamfuata hadi akafa akiwa na 67. Na ukiniuliza, dogo alionewa, hata kama refa alikuwa sawa. Ngoja nikuchanulie.

Merkle alizaliwa 20 Desemba 1888 kule Watertown, jimbo la Wisconsin, Marekani, akalelewa Toledo, Ohio. Mambo yake ilikuwa besiboli. Mwaka wa 1907 alichukuliwa na New York Giants, timu ya maana sana wakati huo, chini ya John McGraw, kocha mkali hadi marefa walikuwa wanamwogopa. Msimu wa 1908 Merkle ndiye alikuwa mchezaji mdogo zaidi kwa ligi yao, na mara nyingi kazi yake ilikuwa kupasha benchi moto.

Halafu ikafika 23 Septemba 1908. Fred Tenney, msee wa beisi ya kwanza, mgongo ulikataa. McGraw akamwambia dogo aingie. Uwanja ni Polo Grounds, New York. Wapinzani ni Chicago Cubs, na hizi timu mbili zilikuwa zinang'ang'ania ubingwa bega kwa bega na Pittsburgh.

Kama ulicheza raunda shule ya msingi, hii utaishika haraka. Unapiga mpira, unakimbia beisi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukifika nyumbani timu yako inapata pointi moja. Watu 3 wakitolewa, zamu yenu imeisha.

Sasa cheki. Ni zamu ya mwisho ya Giants, mambo ni 1-1, na watu 2 washatolewa. Moose McCormick yuko beisi ya kwanza. Merkle anaingia, anapiga mpira safi, McCormick anakimbia hadi ya tatu, Merkle anabaki ya kwanza. Weka hiyo kwa akili, kwa sababu wengi huisahau: bila huyu dogo, hakungekuwa na mtu beisi ya tatu. Kisha Al Bridwell anapiga mpira unapita kati kati, McCormick anaingia nyumbani. 2-1! Mafans wanamiminika uwanjani. Merkle, akiwa njiani kuelekea beisi ya pili, anaona ule umati, anageuka na kuchomoka mbio hadi vyumba vya kubadilishia nguo, ambavyo pale Polo Grounds vilikuwa mwisho kabisa wa uwanja.

Hakugusa beisi ya pili.

Kwani shida iko wapi, si pointi ishaingia? Hapa ndio sheria ya besiboli huchanganya watu hadi leo. Bridwell akipiga na kukimbilia beisi ya kwanza, Merkle hana ruhusa ya kubaki pale. Lazima aondoke aende ya pili, anasukumwa na mwenzake. Mpinzani akishika mpira na kukanyaga beisi ya pili kabla Merkle afike, Merkle ametolewa, hata asiguswe. Na kama huyo aliyetolewa kwa kusukumwa ndiye mtu wa 3, pointi yoyote iliyoingia kwa hiyo pigo inafutwa. Haijalishi McCormick alifika nyumbani mapema kiasi gani. Ingekuwa Merkle hakusukumwa na mtu, labda amejitoa tu kwa beisi akaguswa akiwa wa 3, pointi iliyotangulia ingehesabiwa. Ni kitu kidogo hivyo.

Mwenye aliijua hiyo sheria nje ndani ni Johnny Evers wa Cubs. Tarehe 4 mwezo huo, kule Pittsburgh, mchezaji anaitwa Warren Gill alifanya vile vile: mechi imeisha, akakata kona kabla ya kugusa beisi ya pili. Evers akachukua mpira, akakanyaga beisi, akalilia refa. Refa alikuwa Hank O'Day, peke yake uwanjani siku hiyo, na akasema hakuona. Cubs wakaandika malalamiko, yakatupwa. Wachezaji walikuwa wamezoea kwenda zao hivyo na hakuna refa alikuwa anawauliza. Sheria ilikuwa kwa kitabu, lakini uwanjani ilikuwa imelala.

Sasa kisia nani alikuwa refa New York siku 19 baadaye. O'Day, buda. Mara hii alikuwa na mwenzake, Bob Emslie, lakini Emslie alikuwa amejirusha chini kukwepa mpira wa Bridwell, hakuona kitu. O'Day alikuwa macho.

Evers akaitisha mpira. Giants walisema Joe McGinnity, mwenzao, aliunyakua akaurusha kwa mafans, na ule Evers alishika ulikuwa mwingine. Evers alisema ni ule ule. Katikati ya ile fujo akakanyaga beisi ya pili. O'Day akaamua Merkle ametolewa, pointi imefutwa. Mashabiki walikuwa wamejaa uwanjani na giza linaingia, kwa hivyo haikuwezekana kuendelea. Ikabaki 1-1.

Bridwell naye akapoteza pigo lake. Kwa kanuni za kuandika matokeo, mwenzako akitolewa kwa kusukumwa, lako halihesabiwi kama pigo safi, hata kama lilienda vipi.

Harry Pulliam, rais wa ligi, alisimama na refa wake. Msimu ukaisha Giants na Cubs wamefungana, 98 kwa 55, ikabidi warudie. Tarehe 8 Oktoba Cubs walishinda 4-2, wakaenda wakabeba ubingwa wa dunia. Walikaa hadi 2016 ndio wakaonja tena.

New York ilitaka mtu wa kulaumu, na ni rahisi kulaumu dogo. Magazeti yakambandika Bonehead, yaani kichwa kimejaa mfupa badala ya ubongo. Mwenye hakumtupa ni McGraw, yule yule mkali. Alimtetea, akamweka kikosini, na hata akamwongezea mshahara.

Na Merkle alicheza, manze. Alikaa Giants hadi 1916, akapitia Brooklyn, halafu akaenda kwa Cubs wenyewe. Alifika fainali za 1911, 1912, 1913, 1916 na 1918. Zote 5 alipoteza. Ile ya 1912 ndio noma zaidi: mechi ya mwisho dhidi ya Boston, raundi ya 10, ni yeye alipiga mpira ulioweka Giants mbele 2-1. Dakika chache baadaye mpira rahisi ukaanguka kati yake na wenzake wawili, Boston wakapindua 3-2, na lawama zikamtafuta tena. Alistaafu na mapigo 1,580.

Baadaye alihamia Daytona Beach, Florida, akafanya biashara ya vifaa vya kuvulia samaki, na kwa miaka mingi alikataa kukanyaga Polo Grounds. Mwaka wa 1950 Giants walialika wachezaji wa zamani, na mara hii akakubali. Jina lake lilipotajwa, uwanja ulimshangilia.

Alifariki 2 Machi 1956. Ukicheki rekodi za ligi leo, ile mechi bado iko pale: Giants 1, Cubs 1.