Louis Bachelier, mutu aliyepima bei inayoruka

Ndugu wachimbaji, kila asubuhi tunauliza: leo cassiterite iko bei gani? Kuna Mufaransa mumoja alilifanyia swali hilo hesabu zaidi ya miaka 120 iliyopita. Hakuangalia mawe, aliangalia karatasi za deni la serikali yake.

Louis Bachelier alizaliwa Le Havre mwaka 1870, baba yake alikuwa anauza divai. Mwaka 1889 baba na mama wakafa, akabaki na biashara na wadogo zake. Alifanya kazi ya jeshi, kisha akaenda kusoma Paris. Tarehe 29 Machi 1900 akatetea tezi yake Sorbonne, mbele ya Poincaré mwenyewe.

Soko la Paris lilikuwa linauza haki. Unakubali kulipa pesa kidogo, unapata haki ya kununua karatasi kesho kutwa kwa bei ya kupangwa leo. Bei ikipanda, unachukua. Ikianguka, unaacha, unapoteza ile kidogo tu. Sasa hiyo haki ni ya pesa ngapi? Inategemea bei inaruka namna gani. Bachelier alisema bei haina kumbukumbu: kupanda jana hakuonyeshi kesho. Lakini mruko una kanuni. Ngoja siku 4, kwa wastani bei itaachana na ya leo mara 2 tu ya siku moja, si mara 4. Siku 100, mara 10. Einstein alifikia hesabu ya namna hiyo mwaka 1905, juu ya chembe zinazoyumba ndani ya maji.

Alisifiwa, lakini hakupewa alama ya juu, na bila hiyo kiti cha profesa ni ndoto. Akafundisha bila mshahara wa kudumu. Vita ya 1914 alienda askari wa kawaida. Mwaka 1926 Dijon walimukataa, juu ya barua ya Paul Lévy iliyosema amekosea. Kumbe Lévy alisoma vibaya. Kuomba radhi kulikuja nyuma. (Sisi wa sendika tunajua barua za wakubwa.) Besançon wakamupa kiti mwaka 1927, na miaka 57. Akafa 1946.

Leo London wanauza haki kama hizo hata kwa étain. Mukubwa analipa, bei ikianguka anauza kwa ile ya zamani. Étain ilipoanguka 1985, SOMINKI ikayumba, na mchimbaji wa Kivu hakuwa na karatasi yoyote ya kumukinga. Mpaka sasa comptoir inamulipa bei ya siku ile.