Tumkumbuke Len Lye

Wako watu ambao tangazo la biashara likionyeshwa kabla ya picha huinuka wakatoka nje kupunga upepo. Sisi hatuwalaumu sana, kwani matangazo mengi hayastahili heshima zaidi ya hiyo. Hata hivyo, leo tungependa kumkumbuka mtengenezaji mmoja wa picha ambaye katika dakika chache za tangazo alithubutu mambo ambayo wengine waliopewa saa mbili hawakuyathubutu.

Len Lye alizaliwa mwaka 1901 mjini Christchurch, New Zealand. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, na mama yake akawalea kwa kazi ya usafi. Katika ujana wake aliishi Samoa pamoja na wenyeji, mpaka utawala wa kikoloni ulipochukizwa na maisha hayo ya Mzungu ukamfukuza. Mwaka 1926 aliwasili London, akiwa amesafiri kama kibarua wa makaa ya mawe melini.

Picha yake ya kwanza, Tusalava, ilimalizika mwaka 1929 baada ya miaka ipatayo miwili ya kuchora. Kisha fedha zikakauka. Asiye na fedha za kamera afanyeje? Lye alichukua ukanda mtupu wa filamu akaupaka rangi kwa mkono wake mwenyewe. John Grierson, aliyekuwa mkuu wa idara ya filamu ya Posta ya Uingereza, akakubali kuigharimia kazi hiyo, mradi mwishoni yawemo maneno ya kutangaza kwamba gharama za kutuma vifurushi zimepunguzwa. Ndipo ikatokea A Colour Box ya mwaka 1935: mistari na madoa ya rangi yakicheza dansi ya Kikuba kwa muda wa dakika nne hivi. Mjini Brussels mwaka huo huo waamuzi walikosa fungu la kuiweka, wakaiundia tuzo yake peke yake.

Kwa maoni yetu, Posta ilikuwa tajiri mwenye busara. Ilichukua sehemu yake ndogo, zilizobaki ikamwachia fundi. Kwa mkono huo huo zikafuata Rainbow Dance ya mwaka 1936, iliyotangaza Benki ya Akiba ya Posta, na Trade Tattoo ya mwaka 1937.

Matajiri wa Marekani, alikohamia mwaka 1944, hawakuwa hivyo. Mwaka 1957 aliitengenezea kampuni ya magari ya Chrysler tangazo la dakika moja, Rhythm, ambamo gari linaundwa tangu mwanzo hadi mwisho, picha zikikatwakatwa kufuata mdundo wa ngoma za Kiafrika. Chrysler ilikataa kulionyesha. Wakurugenzi wa sanaa wa New York walilipa tuzo, kisha wakaifuta, eti kwa kuwa halijapata kuonekana katika televisheni! Kosa la mnunuzi akatozwa fundi.

Mwaka 1958 alikwaruza filamu nyeusi kwa sindano na vyuma vyenye ncha, akaiambatanisha na ngoma za Wabagirmi wa Chad. Hiyo ndiyo Free Radicals, iliyopata tuzo ya pili mjini Brussels. Wenye fedha hawakutokea. Lye akaiacha sinema kwa namna ya mgomo, akageukia sanamu za chuma ziendazo kwa mota.

Mwaka 1979 aliirudia Free Radicals, na badala ya kuiongeza akaipunguza kutoka dakika tano hadi nne. Alifariki mwezi Mei, 1980, akiwa na umri wa miaka 78.