Sheikh Abeid Amani Karume na Kiti cha Upinzani

ASILI YAKE

Marehemu Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, anajulikana na watu wengi kwa miaka minane aliyotawala. Wachache ndio wanaokumbuka sana ile miaka iliyotangulia, alipokuwa si mtawala bali mtu wa kudai, na chama chake kikikaa upande wa wasiotawala katika Baraza la Kutunga Sheria. Nayo ni khabari yenye mazingatio, kwani mtu hupimwa mara mbili: mara moja anapokuwa mnyonge akitaka haki yake, na mara ya pili anapokuwa na nguvu na wengine wakimtaka yeye haki yao.

Inajulikana kuwa alizaliwa katika mwaka wa 1905, huko Mwera, shamba la Unguja. Mwaka huo huo ndio gari la moshi lilipoanza kwenda baina ya Ngome ya mjini na Bububu, njia ya maili saba iliyojengwa na kampani ya Kimarekani. Na Bububu tangu zama za Seyyid Barghash bin Said ndiko yalikotoka maji ya kunywa ya mji, yakipitishwa katika mifereji kutoka chemchemi yake. Basi mji ulikuwa ukinywa maji ya shamba, na kula mihogo na ndizi za shamba, na kutajirika kwa karafuu za shamba. Lakini neno la mtu wa shamba halikuwa na njia ya kufika mahali zilipokuwa zikikatwa shauri.

Karume hakupata elimu nyingi ya skuli. Alikuwa angali kijana alipoingia kazi ya ubaharia, akasafiri katika meli za ng'ambo, akaona miji ya watu na desturi zao. Aliporejea Unguja alishirikiana na wenziwe wakafanya umoja wa mashua za mota, wakiteremsha abiria kutoka melini hadi pwani. Hapo bandarini alijifunza mambo mawili yaliyomfaa baadaye: kuwaweka watu wengi pamoja katika kazi moja, na kuzungumza na kila kabila kwa lugha ya kila siku. Khalafu akawa mkubwa katika Jumuiya ya Waafrika, iliyoasisiwa katika mwaka wa 1934.

BARAZA LA KUTUNGA SHERIA

Baraza hili liliundwa katika mwaka wa 1926, na mikutano yake ikafanywa katika jumba la Victoria, ndani ya bustani iliyoko Vuga. Wajumbe wake hawakupigiwa kura, bali waliteuliwa, na wengi walikuwa maofisa wa Kiingereza. Waarabu walikuwa na watu wao, na Wahindi walikuwa na watu wao. Ama Waafrika hawakuwa na mjumbe hata mmoja mpaka mwaka wa 1946. Miaka ishirini ilipita zikitungwa sheria za ardhi, na karafuu, na kodi, na walio wengi katika nchi hawana aliyewasemea.

Tarehe 5 Februari 1957 Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi wa Unguja ziliungana zikawa chama kimoja, nacho ndicho Afro-Shirazi, na Karume akawa rais wake. Mwezi wa Julai mwaka ule ule ndipo ilipopigwa kura ya kwanza nchini. Viti vilivyogombewa vilikuwa sita tu, na wanawake hawakupewa rukhsa ya kupiga kura. Hata miongoni mwa wanaume ni wale tu waliotimiza masharti. Karume aligombea kiti cha Ng'ambo, na aliyeshindana naye alikuwa Sheikh Ali Muhsin Barwani, mkubwa wa chama cha Hizbu, mtu wa elimu na mwenye ufasaha wa maneno. Wapinzani wa Karume walikwenda mahakamani wakidai kuwa yeye si mzaliwa wa Unguja, wala hafai kusimama. Shauri lilisikizwa, naye akashinda. Kisha akashinda na katika kura, kwa wingi ulio wazi kabisa.

Hivyo baharia wa zamani akaingia katika jumba la Victoria, akakaa pamoja na wanasheria na maofisa. Hakuwa na hoja za vitabu. Hoja zake zilikuwa ni za watu waliompeleka.

MAMBO YA MASHAMBA

Ili ifahamike chama chake kilikuwa kikidai nini, yafaa ijulikane hali ya mashamba ya siku zile. Katika nchi ya karafuu na minazi ya upande wa magharibi wa Unguja, kama vile mashamba yanayoizunguka Bububu, walikuwako watu wengi wasiokuwa na ardhi yao. Walikaa katika mashamba ya watu, wakapanda mihogo na viazi chini ya miti ya mwenye shamba, na wao wakamsafishia shamba lake. Hapakuwa na hati wala mkataba; palikuwa na ahadi na desturi, na kwa miaka mingi desturi hiyo ilitosha.

Baada ya kura ya mwaka wa 1957 siasa iliingia mpaka chini ya mikarafuu. Wako wenye mashamba waliowafukuza watu kwa kuwa wameipigia kura Afro-Shirazi. Na wafuasi wa Afro-Shirazi nao wakasusia maduka na mabasi ya wasiokuwa wa upande wao, wakafungua maduka yao ya ushirika. Jirani akamwacha jirani, na wako waliosusiana hata katika mazishi, jambo lisilokuwa la Kiislamu wala la kiungwana. Basi lile lililokuwa likisemwa barazani kwa maneno lilikuwa likitendeka mashambani kwa vitendo. Ndipo katika mwaka wa 1958 vyama vikapatanishwa kwa muda, lakini jaraha halikupona.

KURA ZA MWAKA WA 1961

Mwisho wa mwaka wa 1959 chama kilipasuka. Sheikh Muhammad Shamte na wenziwe walijitoa, wakafanya chama chao cha Watu wa Zanzibar na Pemba. Kura ilipopigwa mwezi wa Januari 1961, Afro-Shirazi walipata viti 10, Hizbu 9, na chama cha Shamte 3. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa tofauti ya kura moja tu. Wale watatu nao wakagawika: wawili wakenda na Hizbu na mmoja akenda na Afro-Shirazi, ikawa kumi na moja kwa kumi na moja, na serikali haikuweza kusimama.

Ikaongezwa jimbo moja, na tarehe 1 Juni 1961 watu wakapiga kura tena. Safari hii Afro-Shirazi walipata viti 10, Hizbu 10, na chama cha Shamte 3. Hizbu na Shamte wakaungana, Shamte akawa Waziri Kiongozi, na Afro-Shirazi wakakaa upande wa upinzani, ingawa karibu nusu ya kura zote zilikuwa zao. Siku ile ya kura fitina iliwaka, na watu 68 wakauawa mjini na mashambani. Kila mwenye kufikiri aliona kuwa hesabu za viti peke yake hazitaweza kuituliza nchi.

Tangu hapo madai ya Karume na wenziwe barazani yalikuwa ni kama haya: kwamba kura ipigwe upya kabla ya uhuru, na kila mtu mzima apewe haki ya kupiga kura, na nchi iongozwe na serikali ya pamoja ya vyama vyote mpaka mambo yatulie. Serikali nayo ilijibu kuwa imechaguliwa kwa sheria, na kwamba uhuru usicheleweshwe kwa ajili ya walioshindwa. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito wake. Mwaka wa 1962 pande zote zilikwenda London, wakakaa katika jumba la Lancaster, wakarudi bila ya kuafikiana.

KURA ZA MWAKA WA 1963

Mwezi wa Julai 1963 kura ya mwisho ilipigwa, na viti vilikuwa 31. Afro-Shirazi walipata kura 87,085, nazo ni zaidi ya 54 katika kila mia. Hizbu walipata 47,950, na chama cha Shamte 25,609. Lakini viti vya Afro-Shirazi vilikuwa 13 tu, na vya wenzao kwa pamoja 18. Sababu yake ni kuwa wafuasi wa Afro-Shirazi walikuwa wamesongamana katika majimbo machache, wakishinda huko kwa maelfu, na katika majimbo mengine walishindwa kwa kura chache. Sheria haikuvunjwa, lakini mwenye kura nyingi akarudi tena katika kiti cha upinzani.

Hapo ndipo ilipotakiwa hekima ya watawala. Aliyeshinda kwa viti na kushindwa kwa kura yampasa amwite mwenziwe wakae pamoja. Haikufanywa hivyo. Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba 1963, na Afro-Shirazi wakabaki nje ya serikali. Baadaye kidogo serikali ilijipa nguvu za sheria za kuvifunga vyama, na mwanzo wa Januari 1964 chama cha Umma, cha Abdulrahman Babu, kikapigwa marufuku.

BAADA YA MAPINDUZI

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 serikali ilipinduliwa kwa silaha. Damu nyingi ilimwagika, na wengi waliouawa hawakuwa na kosa lolote la siasa. Karume akawa Rais wa nchi, na tarehe 26 Aprili mwaka huo Zanzibar na Tanganyika zikaungana.

Katika utawala wake aliwatimizia wanyonge mengi waliyoyalilia. Ardhi ilitwaliwa na serikali, na watu wasiokuwa na kitu wakapewa ekari tatu tatu. Masomo na matibabu yakawa bila ya malipo. Nyumba kubwa za Michenzani zikaanza kujengwa huko Ng'ambo, kwa watu wale wale waliompa kura ya kwanza.

Lakini jumba la Victoria lilifungwa. Baraza la Mapinduzi likawa ndilo mtawala na ndilo mtunga sheria, na vyama vingine vyote vikaondolewa. Kura ya kuchagua wajumbe wa Zanzibar haikupigwa tena katika uhai wake. Hata waliokuwa wenziwe katika kiti cha upinzani hawakusalimika: Othman Sharif na Abdulla Kassim Hanga waliuawa katika mwaka wa 1969. Yule aliyesimama barazani akitaka sauti ya wengi isikike hakumwachia mwingine mahali pa kusimama akampinga yeye.

Na mlango wa maneno ukifungwa, mlango wa silaha haufungiki. Tarehe 7 Aprili 1972, alipokuwa akicheza bao pale Kisiwandui, katika makao makuu ya chama chake, aliingiliwa na watu wenye bunduki wakamuua. Alizikwa hapo hapo.

MAZINGATIO

Zanzibar ilikaa miaka kumi na sita bila ya baraza la wawakilishi, mpaka Januari 1980 lilipoanza Baraza jipya. Vyama vingi vilirudi katika mwaka wa 1992. Na tarehe 31 Julai 2010 watu waliulizwa kwa kura kama wanataka vyama vitawale kwa pamoja, wakakubali zaidi ya 66 katika kila mia. Lile alilolidai Karume alipokuwa mnyonge, wakamnyima wenye nguvu, naye alipokuwa na nguvu akawanyima wengine, lilikuja kuandikwa katika katiba miaka 38 baada ya kufa kwake.

Kushauriana ni amri ya Mwenyezi Mungu, wala hakukuwekwa kwa ajili ya wanaokubaliana tu. Mwenye kukupinga mbele ya watu, kwa maneno, amekupa nafasi ya kujirekebisha. Na mwenye kunyamazishwa hapotei, bali huondoka machoni. Waliotawala mwaka wa 1963 hawakulitambua hilo, na aliyetawala baada yao alilitambua kabla ya kupata utawala. Mwenyezi Mungu amsamehe yeye na wote waliotangulia, awarehemu waliodhulumiwa katika kila upande, na awape wenye amri masikio ya kusikia.