Mama Elizabeth Stokes, bingwa wa ngumi wa London

Miaka 300 iliyopita, pale London, Uingereza, mwanamke mmoja alikula kwa ngumi zake. Jina lake Elizabeth Wilkinson. Mwezi wa 6 mwaka 1722 alipitisha tangazo mu gazeti akimwita Hannah Hyfield wapigane mbele ya watu, kwa pesa. Kila mmoja angeshika pesa ya chuma mu kila mkono. Mwenye kuiangusha wa kwanza, ameshindwa. Si ujinga hata kidogo: mkono uliokunjwa hivyo hauwezi kukwaruza wala kuvuta nywele.

Kisha akachukua jina Stokes, la bwana yake James, naye mpiganaji. Mwaka 1728 Ann Field, mwanamke wa kuswaga punda, akamwita kwa pauni 10. Elizabeth akajibu kwamba mara ya mwisho alipigana dakika 29 na mwanamke wa Billingsgate, kule soko la samaki, akamshinda. Tena akakubali.

Alijiita bingwa wa Ulaya. Lakini vitabu vya ngumi vilishika zaidi jina la James Figg, mwanaume wa siku zilezile. Wanawake waliingia ngumi za Olimpiki mwaka 2012 tu, mu muji uleule wa London.